AFYA NA MAISHA: Maradhi ya Sikio Yapindayo Uso

Wako watu ambao wakimwona jirani uso wake umepinda upande mmoja, hukata shauri papo hapo. Huyu asema amerogwa, yule asema amepigwa na upepo mbaya. Mgonjwa naye hukaa nyumbani akipakwa mafuta na kutiwa maji ya majani sikioni, na siku zapita. Yafaa kila msomaji ajue kwamba pengine chanzo chake ni maradhi yenye dawa, na kwamba dawa hiyo haingoji.

Mara nyingi maradhi haya huanza kwa maumivu makali ya sikio. Kisha malengelenge madogo yenye maji hutokea tunduni mwa sikio au juu yake, na pengine kinywani. Nusu ya uso, upande ule ule, hulegea. Jicho halifumbiki, mdomo huteremka, maji ya kunywa humwagika pembeni, na chakula hupoteza ladha. Wengine husikia mlio sikioni au huwa viziwi upande huo, na wengine hushikwa na kizunguzungu hata wasiweze kusimama. Mara nyingine uso hupinda kwanza, na malengelenge hufuata nyuma.

Daktari wa Marekani, James Ramsay Hunt, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1907, nayo huitwa kwa jina lake mpaka leo. Yaletwayo ni virusi vile vile vya tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga, virusi havitoki mwilini. Hulala katika mizizi ya mishipa ya fahamu kama mbegu ya magugu ilalavyo udongoni ikingoja mvua. Miaka mingi ikipita, nguvu za mwili zikipungua kwa uzee au kwa ugonjwa mwingine, huamka. Vikiamka kifuani au mgongoni, huo ndio mkanda wa jeshi. Vikiamka katika mshipa wa uso, mshipa huo huvimba. Na kwa kuwa hupita katika mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio, hubanwa usiweze kufanya kazi. Jirani yake ni mshipa wa kusikia na wa kuuweka mwili sawa, nao pia huumia.

Hapa ndipo penye umuhimu wa haraka. Mwaka 1997 madaktari wa Japani walitoa habari za wagonjwa 80 waliopewa dawa ya asikloviri pamoja na prednisoni. Katika waliotibiwa kabla ya siku 3 kupita tangu uso kulegea, 75 katika kila 100 walirudiwa na uso wao kamili. Katika waliochelewa zaidi ya siku 7, waliopona kabisa walikuwa 30 tu katika kila 100. Basi wiki moja ya kungojangoja yaweza kumgharimu mtu uso wake na masikio yake kwa maisha yote.

Huenda mtu akauliza, je, kama ni kiharusi? Mara nyingi mwenye kiharusi huweza kukunja paji lote la uso, lakini mwenye maradhi haya hawezi upande uliolegea. Hata hivyo kupambanua ni kazi ya daktari, wala si ya jirani. Yote mawili yataka hospitali siku ile ile.

Wengine hujificha kwa aibu, wakidhani watu watasema wana UKIMWI. Ni kweli kwamba mwenye virusi vya UKIMWI hushikwa na mkanda wa jeshi kwa urahisi zaidi, na daktari aweza kushauri damu ipimwe. Lakini hushika wengi wasio navyo, wazee kwa vijana. Mwezi Juni 2022 mwimbaji wa Kanada, Justin Bieber, mwenye umri wa miaka 28, aliwaonyesha watu wote uso wake uliolegea, akaahirisha maonyesho yake ili atibiwe.

Mgonjwa asisahau jicho. Jicho lisilofumbika hukauka, likaingia vumbi na kupata vidonda, na mwisho wake ni upofu. Daktari atatoa dawa ya matone na kuonyesha namna ya kulifunga usiku. Malengelenge nayo yafunikwe mpaka yakauke, kwa kuwa maji yake yaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu asiyepata kuugua, na hasa watoto wachanga na akina mama wajawazito wakae mbali.

Basi akitokea nyumbani mwenye uso uliolegea, atazamwe sikio, na malengelenge yakiwapo daktari aambiwe mara moja. Hata yasipoonekana, aende vivyo hivyo. Wenye kumpenda wasikae kikao kirefu kutafuta nani kamroga. Wamtafutie nauli.