Yafaa Tulipe Kabla ya Kuugua

Katika somo la historia tumefundishwa kwamba nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere alitutajia maadui watatu wa kupigwa vita: ujinga, maradhi na umaskini. Zamani nilidhani kila adui huja kwa njia yake. Sasa najua kuwa huja pamoja, na aghalabu maradhi ndiyo hutangulia kubisha hodi. Jambo hili nimejifunza nyumbani kwetu, wala si kitabuni.

Mwaka 2021 baba yangu alipata ngiri. Uvimbe ulikuwa mdogo, naye daktari akamshauri apasuliwe mapema, maana ngiri ikiachwa utumbo waweza kunaswa. Baba alirudi nyumbani akaficha habari ile. Aliogopa gharama kuliko kisu. Akanywa mizizi, akajifunga kitambaa kiunoni, akaendelea kulima. Baada ya miezi minane, usiku wa mvua, utumbo ulinaswa kweli. Tulimpakia kwenye pikipiki hadi barabara kuu, na huko tukakodi gari. Fedha za gari, za upasuaji, za dawa na za siku kumi na moja wodini zilitokana na ng'ombe wetu wawili. Tuliwauza kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi akijua kwamba una mgonjwa hana haja ya kupatana nawe.

Namshukuru Mungu kwamba baba alipona. Lakini dada yangu, aliyekuwa Kidato cha Pili, alibaki nyumbani kumwuguza na kushika shamba, na shule hakurudi tena. Deni la hospitali lilikwisha. La dada yangu halijakwisha mpaka leo.

Je, fedha hazikuwapo? Zilikuwapo. Mwaka ule ule mwandikishaji wa Mfuko wa Afya ya Jamii alipita kijijini. Mchango ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Baba alimjibu, "Nikilipa nisiugue, fedha yangu itakuwa imeliwa na nani?" Jibu hili hulitoa wazee wengi, na ndilo nitakalo kulijadili hapa.

Fedha ya mtu asiyeugua haikuliwa na mtu. Imemtibu jirani yake, na mwakani ya jirani itamtibu yeye. Hili si jambo geni kwetu. Ukitokea msiba kijijini, nani hukataa kutoa mchango ati kwa sababu yeye hakufiwa? Hakuna. Kila mtu hutoa, akijua kwamba zamu yake yaja. Basi nashangaa: tunachanga kumzika mtu, lakini hatutaki kuchanga ili apone.

Wako wasemao matibabu yawe bure kabisa. Bure ni neno tamu, lakini dawa hununuliwa na mganga naye hula. Baada ya uhuru Serikali ilitibu watu bila malipo kwa miaka mingi. Uchumi ulipodhoofika dawa zikaadimika, na kuanzia mwaka 1993 ada zikaanza kutozwa katika hospitali za Serikali. Lakini ada nayo ina ubaya wake: humdai mtu siku ile ile asiyoweza kufanya kazi. Taabu hii imeenea ulimwenguni. Ripoti ya Shirika la Afya la Dunia na Benki ya Dunia ya mwaka 2023 yasema kuwa mwaka 2019 watu kiasi cha bilioni 2 walipata shida ya fedha kwa ajili ya kulipia matibabu.

Wengine hungojea wafadhili. Marekani imetusaidia sana, hasa kwa mpango wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003, na wako watu walio hai kwa sababu yake. Tusiwe watovu wa shukrani. Lakini Januari 2025 Serikali ya nchi ile ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na Julai mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Jirani zetu wa Rwanda walianza mifuko ya matibabu ya jamii kwa majaribio mwaka 1999, na siku hizi wananchi walio wengi wamo. Aliye maskini kabisa hulipiwa. Nasi twaweza.

Najua atatokea mtu wa kunipinga aseme, "Kadi nilikuwa nayo, nikafika zahanati nikaambiwa dawa hakuna." Ana haki. Mtu wa namna hiyo amelipa mara mbili, na mwakani hatalipa tena. Kwa hiyo Serikali nayo ina wajibu wake. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi nyingi hazijafikia kiasi hicho. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni sheria njema, lakini haitamtibu mtu ikiwa kabati la zahanati ni tupu. Mwananchi atoe mchango wake, na Serikali ijaze kabati. Mmoja akimngojea mwenzake aanze, wote wawili watakutana mazishini.

Wanafunzi wenzangu, likizo i karibu. Tufikapo nyumbani, tusiwahubirie wazazi wetu kana kwamba hawajui kitu. Tuchukue karatasi tupige hesabu pamoja nao. Mimi nilifanya hivyo: upande mmoja niliandika ng'ombe wawili, gari la kukodi na masomo ya dada, upande wa pili shilingi 30,000 za mwaka ule. Baba aliitazama karatasi kwa muda mrefu, asiseme neno. Baada ya mavuno alikwenda mwenyewe kutuandikisha.

Mwaka jana hakuugua hata mmoja wetu. Nilimwuliza kama fedha yake imeliwa. Akanijibu, "Mama wa jirani alilazwa mwezi wa Machi. Naona imefanya kazi."

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na aandike, tuyasome katika toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano