RDC: Mashini za kiwanda cha dawa zizungumze lugha moja

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 hadi 2015, mamia ya wakaaji wa Ituri walipelekwa hospitalini shingo na uso vikiwa vimekakamaa. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa nyingine kabisa.

Mashini peke yake haiwezi kumzuia mdanganyifu. Lakini kiwanda kisichoweza kuonyesha kilichoingia ndani ya kila kopo hakina namna ya kujitetea, wala ya kumlinda mgonjwa.

Kivu inajua kazi hii: Bukavu imetengeneza kwinini kwa miaka mingi. Wanaotaka viwanda zaidi wafikirie mapema. Mashini ya kuchanganya ikinunuliwa kwa huyu, ya kukausha kwa yule, kila moja na programu yake, fundi hubaki akinakili joto, uzito na saa kwa mkono. Hapo ndipo namba hukosewa.

Suluhisho lipo. Kanuni ya ISA-88, iliyotolewa Marekani mwaka 1995, hutenganisha maagizo ya kutengeneza dawa na mashini zinazoyatekeleza. Ikifuatwa kiwanda kizima, na kumbukumbu zikiwekwa kwa mtindo mmoja, namba ya loti inatosha kufuata kopo hadi kwenye malighafi yake.

Sharti hilo liandikwe katika mkataba kabla ya kununua mashini ya kwanza. Kuziunganisha baadaye ni gharama kubwa, na mwishowe anayelipa ni mgonjwa.