Maembe ya Uani Issuna: Kazi ya Kitongoji Kizima

Mwembe mmoja uliokomaa huzaa kuliko kaya moja inavyoweza kula. Issuna, wilayani Ikungi, maembe huiva kwa mkupuo mvua zikiwa zimeshika na watu wako shambani. Kumuuzia jirani haiwezekani, maana naye anayo uani kwake. Yanayobaki huozea chini ya mti, na inauma kuona hivyo katika mkoa huu wa Singida, ambako mvua ni za msimu mmoja na kiangazi ni kirefu.

Embe linalooza ndiko anakozaliwa nzi wa matunda. Yule mwenye asili ya Asia, Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya na Tanzania mwaka 2003, kisha akaenea. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani; funza hula nyama ya tunda, hujichimbia udongoni, na siku kama kumi baadaye hutoka wakiwa nzi. Ua haliwazuii. Anayeokota peke yake, jirani akiacha, anajichosha bure.

Kwa hiyo kila kaya iokote yaliyoanguka, kila siku ikiwezekana, na kuyafukia shimoni, juu yake pakiwa na udongo wa nusu mita. Shimo fupi halifai, kwani nzi hupenya udongo laini. Kaya tatu au nne zinaweza kuchimba moja. Kuyatupa jalalani ni kuwahamisha nzi tu.

Maembe mazima yatunguliwe kwa upembo yangali magumu kidogo. Yenye nyuzi nyingi yakamuliwe juisi; yenye nyama laini, kama dodo, yakaushwe. Humenywa, hukatwa vipande vya milimita 5 hadi 8 na kupangwa kwenye wavu bila kugusana. Kichanja cha wazi hakitoshi msimu wa mvua: linahitajika kaushio la mbao lililofunikwa nailoni angavu, lenye matundu ya hewa chini na juu, yote yakizibwa kwa chandarua. Kipande kilichokauka hukunjika bila kukatika, na kikibanwa hakitoi maji. Kikishapoa kifungwe siku hiyohiyo, la sivyo hunyonya unyevu na kuota ukungu.

Kaushio ni mzigo kwa kaya moja, si kwa kitongoji kinachochanga mbao na nguvu. Ushauri wa usindikaji uulizwe SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, Singida mjini. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila miezi mitatu. Wenyeviti wa vitongoji walipeleke suala hili kwenye kikao cha kabla ya Novemba, zamu za kuokota zipangwe na fundi apatikane maembe yakiwa bado machanga.