Cheti cha Daktari Si Ngao



Tumfikirie kijana wa Lubunga anayejipatia riziki kwa kubeba abiria kwa pikipiki, kutoka kivukoni hadi mitaa ya ndani. Mafua yamemsumbua juma zima. Kwenye kituo cha afya ameandikiwa klorofeniramini, naye anaimeza kwa utii. Jioni rafiki anamwalika bia. Chupa moja tu, wala si lotoko. Baadaye, njiani, kope zinakuwa nzito; anamgonga mama mwuza ndizi na kumvunja mkono. Polisi wa barabarani wanamshika. Hilo ndilo shtaka lake la kwanza maishani: kuendesha akiwa amelewa. Naye analia, "Mimi si mlevi, nilikunywa dawa!"

Anasema kweli. Lakini je, kweli hiyo inamwondolea lawama yote? Ninaona kwamba hapana.

Klorofeniramini huleta usingizi. Diazepamu hupunguza wepesi wa akili, na yaweza kubaki mwilini hata siku ya pili. Tramadoli huleta kizunguzungu. Pombe ikikutana na dawa hizi, kila moja huongeza nguvu ya mwenzake. Chupa moja hufanya kazi ya nyingi. Hata bila pombe, kipimo cha pumzi kisipoonyesha kitu, dereva anaweza kuwa hafai kushika usukani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu mwendo wa barabarani, ambao nchi yetu iliukubali, unadai kila dereva awe na hali njema ya mwili na akili. Hauulizi ni nini kilichoiharibu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, inawahesabia hatia kubwa wale wanaohatarisha maisha barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi. Namba 1735 inakiri kwamba kutojua kwaweza kupunguza lawama au hata kuifuta. Lakini si kila kutojua hufuta. Kijana wetu hakukusudia ubaya, hata hivyo, alikuwa na nafasi ya kuuliza aliyempa dawa, "Je, naweza kuendesha pikipiki?" Swali hilo halina bei. Tena, mkono wa yule mama umevunjika vilevile, na ndizi zake zilikuwa chakula cha watoto wake.

Basi, afanye nini aliyekwisha kushtakiwa? Kwanza, asinunue uhuru wake kwa kumpa askari noti gizani. Rushwa humfunika mkosaji, humwacha mama bila haki, na humfundisha askari kukamata wengine kwa faida. Pili, aseme ukweli wote, dawa na bia pia. Alete karatasi ya daktari na pakiti ya vidonge, aombe kupimwa na mganga. Tatu, ajue haki zake. Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Kwamba aliyekamatwa huelezwa sababu kwa lugha anayoielewa. Kwamba hawezi kuwekwa na polisi zaidi ya saa 48. Na kwamba anaweza kusaidiwa na mtetezi. Nne, aende kwa yule mama, aombe radhi, asaidie matibabu kadiri ya uwezo wake.

Nasi tulio katika vikundi vya vijana tuna kazi yetu. Tusimbandike jina la "mlevi" na kumkimbia. Wala tusimpigie makofi kana kwamba ameonewa. Tumsindikize mbele ya hakimu, na tumsindikize hadi kwenye mlango wa yule mama. Hatua ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na ndiyo inayomponya.

Na wewe unayewasha pikipiki kesho asubuhi: umemeza nini leo?