Ufa Usioonekana

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: ufa usioonekana hauzibiki.

Mwananchi wa Mpanda apandaye ndege hukabidhi roho yake kwa bati jembamba la alumini. Kila safari bati hilo hutanuka kwa hewa iliyoshindiliwa ndani, kisha hunywea, na mwisho huchoka. Mwaka 1954 ndege mbili za Uingereza aina ya Comet zilipasuka angani kwa uchovu huo. Mwaka 1988, huko Hawaii, paa la Boeing 737 liling'oka angani na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Abiria mmoja alikuwa ameuona ufa alipokuwa akipanda, lakini alinyamaza.

Leo wataalamu wanajaribu rangi ya namna mpya. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vya wino. Ndege ikigongwa au ikipata ufa, vifuko hupasuka na mahali pale hubadilika rangi. Faida yake ni kubwa hasa kwa ndege kama Dreamliner, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza mwaka 2018. Karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi, na pigo laweza kutenganisha tabaka za ndani huku nje pakionekana pazima.

Wapo watakaosema kwamba rangi hiyo ikifika mafundi wapunguzwe. Sisi twapinga. Rangi huonyesha, haiamui. Fundi ndiye aizuiaye ndege isiruke, na fundi huyo huyo ndiye alaumiwaye kwa hasara ya safari iliyofutwa.

Basi mambo mawili hayana budi kufanywa. Kwanza, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kinachofundisha matengenezo ya ndege, kiwape vijana wetu elimu hii, wakiwamo wana wa Katavi, tusije tukanunua rangi kisha tukakodi macho ya kuisoma kutoka ng'ambo. Pili, mfanyakazi asemaye "hapa pana ufa" alindwe, hata kama safari ya Mpanda itachelewa siku nzima.

Na sisi abiria, ndugu, tujifunze kungoja bila manung'uniko. Kulala Mpanda usiku mmoja zaidi ni nafuu kuliko matanga.