Kinyonga na Rangi Zake

Mtu akisema neno moja asubuhi, na jioni akasema jingine, twamwita kinyonga. Jina hilo ni la aibu, na asili yake ni dhana ya kuwa mnyama huyu hujigeuza rangi kwa kufuata kila anachokikanyaga, apate kuwahadaa wanaomtazama. Kwa dhana hiyo, na kwa hofu waliyoirithi kwa wakubwa wao, watoto wengi wakimwona mtini humpiga mawe. Basi yafaa tuulize: je, shtaka hili ni la kweli?

Kwanza tufahamu kuwa rangi ziko namna mbili. Namna ya kwanza imo katika kitu chenyewe, kama manjano ya jikoni: uyatwange, uyasage, uyatie maji, rangi yake haiondoki. Namna ya pili haimo katika kitu, bali hutokana na umbo lake. Litazame povu la sabuni penye jua. Maji yale hayana rangi, walakini juu ya povu huonekana nyekundu, buluu na kijani. Sababu ni kuwa nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Ikiugonga utando ule mwembamba, sehemu yake hurudi kutoka upande wa juu na sehemu hurudi kutoka upande wa chini. Zikikutana, baadhi ya rangi hupeana nguvu na nyingine hufutana. Itakayoshinda hutegemea unene wa utando.

Kinyonga anazo namna zote mbili. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, nchini Uswisi, wakiwamo Jérémie Teyssier na Michel Milinkovitch, walitangaza uchunguzi wao juu ya kinyonga mmoja wa Bukini, yaani Madagaska. Katika ngozi yake waliona seli zilizojaa fuwele za guanini, dutu ile ile ing'arishayo magamba ya samaki. Fuwele hizo ni ndogo mno: mia kadhaa zaweza kupangwa katika unene wa unywele mmoja. Nazo zimesimama kwa taratibu, kama safu za wenye kusali.

Dume akiwa ametulia, fuwele zake hukaribiana, na nuru ya buluu ndiyo irudishwayo. Ngozini imo pia rangi ya manjano ya namna ile ya kwanza. Buluu ikichanganyika nayo, sisi huona kijani. Akitokewa na dume mwenziwe wa kushindana naye, au na jike, fuwele huachana kwa kadiri ya asilimia 30, na kijani kile hugeuka kuwa manjano au rangi ya chungwa. Hapana rangi iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Kilichobadilika ni nafasi tu. Ili kuhakikisha, wachunguzi walitia vipande vya ngozi katika maji yenye chumvi nyingi: seli zikanywea, fuwele zikasogeleana, na rangi ikaelekea upande wa buluu.

Chini ya tabaka hiyo ipo nyingine, yenye fuwele kubwa zaidi, irudishayo sehemu kubwa ya miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Wataalamu hao walionelea kuwa huenda humkinga na ukali wa jua.

Sasa turudi kwenye shtaka letu. Ni kweli kuwa kijani chake humsitiri majanini akiwa ametulia. Lakini umweke juu ya mkeka mwekundu, hatakuwa mwekundu. Na dume huyu ageukapo mbele ya mshindani wake hajifichi, bali hujitangaza. Mnafiki ni yule afichaye moyoni asilolionyesha usoni. Kinyonga, lililomo ndani yake hudhihirika ngozini, kila mtu akaliona. Basi tumemfananisha na watu ambao hafanani nao hata kidogo.

Enyi vijana, siku mtakapomkuta mtini, wekeni mawe chini, mumtazame kwa utulivu. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Nasi wazazi tuchunge ndimi zetu mbele ya watoto, kwani kumpa kiumbe jina baya ni jambo jepesi, na kuuliza habari zake ndiko kwenye faida.