Kanzu ya Yusuf na Kiko cha Bwana Msa

Kitabu kina jina baya, hilo halikataliki. Mzee wa Kiislamu akimkuta mtoto ameinamia kitabu kilichoandikwa juu yake "Mzimu wa Watu wa Kale", hana budi ashtuke. Mzimu si jambo la mchezo kwa watu wa tauhidi, na sisi wa pwani twajua vyema jinsi ubani na vitambaa vyekundu vinavyopelekwa mapangoni na kwenye mibuyu na watu ambao Ijumaa ile ile wamo safu ya mbele msikitini.

Kwa hivyo si ajabu kwamba ustadh mmoja aliyemkuta binti wa ndugu yangu na kitabu hicho, huko Hurlingham mjini Nairobi, alimwambia akifunge. Binti mwenyewe yuko kidato cha pili. Mwalimu wake wa Kiswahili aliwataka wanafunzi wachague hadithi yoyote ya upelelezi, waisome, kisha kila mmoja aandike maoni yake kurasa mbili. Alikifunga mbele ya ustadh kwa adabu, akakifungua usiku (hilo la usiku nimemkanya), na alipomaliza kuandika akaniletea mimi. "Ami," alinambia, "nisahihishie ngeli tu, maoni usiyaguse." Sikuyagusa. Lakini amenipa ruhusa niyazungumze hapa, na ustadh naye anajua kwamba nitamjibu.

Kwanza tumjue mwenye kitabu. Marehemu Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki 1991. Alikuwa mtu wa magazeti, mwenzetu, na kwa miaka mingi alihariri gazeti la wakulima lililoitwa "Mkulima". Hadithi hii ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Ndani yake Bwana Ali anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali ambapo jina lake peke yake latosha kumfunga mtu mdomo. Anaitwa Bwana Msa, ambaye si askari wala mganga. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana tabia ya kutazama kitu kile kile ambacho wenziwe wamekiruka. Wajuzi wamesema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevuka bahari, na mwenyewe Bwana Abdulla hakuonyesha kulificha jambo hilo. Nani aliyeua sisemi. Msomaji akitake kitabu.

Mwanafunzi wetu ameandika kwamba alikianza kwa kutumaini kuwa mzimu ndio ulioua. Alitaka kuogopa. Alipofika katikati akaona kwamba kila kinachotisha kina mkono wa mtu nyuma yake, na hapo, asema, ndipo alipoanza kuogopa kweli. Maneno yake ni haya: "Jini ukimsomea Ayatul Kursi anakwenda zake, lakini mtu anakaa na wewe mezani." Mtoto wa miaka 15! Mimi niliyemaliza miaka mingi katika kutunga mashairi niliyasoma maneno hayo mara tatu.

Basi hoja ya kwanza ya ustadh, kwamba kitabu kinafundisha mizimu, imeanguka. Kitabu hiki kimeuvua mzimu nguo kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Lakini ustadh ni mtu wa elimu, na hoja yake ya pili si nyepesi. Alisema kwamba kupeleleza kwenyewe kumekatazwa. Ni kweli. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa kufanya tajassus, yaani kuchunguzachunguza siri za watu. Na sote tuliokaa chuoni tumesimuliwa kisa cha Sayyidna Umar aliyepanda ukuta wa nyumba ya mtu usiku, akamkuta mwenye nyumba na mvinyo. Yule mtu akamwambia: mimi nimemuasi Mungu kwa jambo moja, wewe kwa matatu, umepeleleza, hukuingia mlangoni, wala hukutoa salamu. Umar akanyamaza.

Haya. Lakini sura ile ile, aya chache nyuma, imetuamrisha tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu bila kujua. Amri mbili zimekaa katika sura moja fupi, na haziwezi kugombana. Umar alikwenda kutafuta dhambi ambayo hakuna aliyekuja kuishitaki. Bwana Msa anatafuta mwenye damu iliyokwisha kumwagika, na asipomtafuta yeye, mji mzima utamtafuta kwa uvumi, na uvumi hauchagui shingo. Huyo wa kwanza anafunua kilichositiriwa na Mola, na wa pili anazuia asiyekosa asibebeshwe. Mwenye kuchanganya mambo hayo mawili huishia kumlinda muuaji kwa jina la stara, na hayo tumeyaona mitaani mwetu, watoto wakiumizwa na wakubwa wakisema funika kombe.

Tena, ustadh wangu, tuitazame Surat Yusuf, ambayo kila mtoto wa chuoni ameipitia. Ndani yake mna kanzu tatu. Ya kwanza waliileta ndugu zake kwa baba yao ina damu ya uongo, na wafasiri wametwambia kwamba Nabii Yaakub aliitazama akastaajabu mbwa mwitu gani huyo mpole, amemla mwana na kanzu hakuichana. Ya pili ni ile iliyochanika katika nyumba ya mheshimiwa wa Misri. Shahidi akasema itazamwe: ikiwa imechanwa mbele mwanamke ni mkweli, ikiwa imechanwa nyuma mwanamume ni mkweli. Ikatazamwa, ikaonekana imechanwa nyuma. Hapakuwa na kiapo wala bao, kilitazamwa kitambaa tu. Ya tatu ndiyo iliyorudisha macho ya mzee. Sasa nauliza, kanzu ile ya pili ina tofauti gani na vitu anavyovitazama Bwana Msa na kiko chake kinywani?

Mwanafunzi ana malalamiko yake, nayo nayataja kwa uadilifu. Asema Bwana Msa huona jambo akalificha, akaja kulimwaga mwishoni kama mtu anayetoa karata mkononi, na kwamba hiyo si haki kwa msomaji aliyekuwa naye safari nzima. Hapa namuunga mkono nusu. Hadithi ya namna hii ina mapatano, kwamba msomaji na mpelelezi watazame kanzu moja. Pia asema lugha ni ngumu, maneno mengine ilimbidi amuulize mama yake, na mengine mama naye akapiga simu Mombasa kumuuliza bibi. Hilo kwangu si kosa la kitabu. Neno lililovuka vizazi vitatu kwa simu ya jioni limefanya kazi yake.

Nusu ukurasa wa mwisho ndio ulionikalisha kitako. Nyumba yao iko jirani na Barabara ya Argwings Kodhek, na kila siku hupita njia hiyo kwenda shule. Hakuwahi kujiuliza jina hilo ni la nani. Alipouliza akaambiwa ni la mwanasheria wa mwanzo Mwafrika katika Kenya, aliyekuwa waziri, akafariki Januari 1969 huko huko Hurlingham. Ikaelezwa kwamba ni ajali ya gari, na wapo ambao hawakuikubali maelezo hayo mpaka leo. Basi binti akaandika kwamba kasoro kubwa ya hadithi za upelelezi ni kwamba zinakwisha. Kitabu kinafungwa na muuaji amejulikana, lakini barabara yao ina jina la mtu tu, haina ukurasa wa mwisho.

Ningeweza kumwongezea mifano. Mwaka 1990, alipouawa Dakta Robert Ouko, aliletwa mpelelezi hasa kutoka Scotland Yard, John Troon, na mpaka hivi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo kile. Sikumwongezea. Nilimsahihishia ngeli, kama tulivyopatana, nikamrudishia daftari.

Sasa anataka "Kisima cha Giningi", kilichotoka 1968. Mama yake amesita, kwa kuwa kwetu Giningi ni jina linalotajwa kwa sauti ya chini, mji wa wachawi ambao wazee husema uko Pemba. Ustadh hajasema kitu, ila ameniuliza kama hicho cha kwanza naweza kumwazima kwa wiki moja.